Vali ya haidroliki ya umeme ikikusumbua: anza na plagi, spana baadaye

Simu zinazonifikia kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huku Kilifi, pwani ya Kenya, karibu zote zina mwanzo mmoja: "Fundi, vali imekufa." Nikiuliza imekufaje, napata kimya, halafu, "Si imekufa tu!" Siku hizi siulizi habari za vali. Nauliza mashine inafanya nini. Haisongi kabisa, au inasonga upande mmoja? Asubuhi iko sawa na mchana inachoka? Ukinijibu hayo vizuri, nusu ya kazi umenifanyia ukiwa huko huko.

Vali, yaani mlango wa umeme unaopitisha oili ya presha inayosukuma mikono ya mashine, husingiziwa sana. Kuna tajiri mmoja upande wa Gongoni, ekskaveta yake ilikataa kuinua bumu, ule mkono wake mkubwa. Akatuma kijana Mombasa, vali mpya ikaja, ikafungwa, siku tatu zikapotea chumvi ikingoja. Bumu ikakataa vilevile. Nilipofika nilichomoa plagi ya koili, ule msokoto wa waya unaoisukuma vali kwa umeme, nikaielekeza juani: pini moja ilikuwa kijani, kama senti ya zamani iliyookotwa ufuoni. Nikaikwaruza, nikaisafisha, nikairudisha. Bumu ikapanda. Vali ya zamani bado iko kwenye rafu yake, nzima, na kila nikienda ananionyesha utadhani mimi ndiye niliyemshauri anunue nyingine.

Kilichomo ndani

Vali ya kawaida ya solenoidi, yaani ya sumaku ya umeme, ni kama swichi ya taa: imefunguka au imefungwa. Hizi tunazozungumzia ni za uwiano. Ukisogeza wenzo kidogo, oili inapita kidogo. Ukiuvuta wote, inapita yote. Ndani kuna kijiti cha chuma kilichochongwa mifereji, nasi mafundi tunakiita spuli. Koili ikipewa umeme hugeuka sumaku, sumaku inasukuma spuli, na springi ya upande wa pili inapinga. Spuli inasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Umeme ukiongezeka inasogea zaidi, na vijipengo vilivyokatwa kwenye kingo zake vinapitisha oili nyingi zaidi. Safari yote ni milimita chache. Kwa hiyo anayetawala hapa si volti bali mkondo, yaani miliampea zinazopita kwenye koili. Shika hilo, utalihitaji ukianza kupima.

Kwenye mashine kubwa, koili hiyo ndogo haina nguvu ya kusukuma spuli kubwa. Inachofanya ni kutoa presha ndogo ya kuongoza, kuanzia sifuri hadi bar 30 hivi au zaidi kidogo, na presha hiyo ndiyo inayosukuma spuli kubwa. Presha ya kuongoza ikikosekana, umeme wako wote unaweza kuwa sawa na mashine isitikisike.

Kiasi cha oili kinachopita hutegemea mambo mawili: upana wa tundu, na tofauti ya presha kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea. Tundu likiwa lilelile, tofauti ya presha ikizidi mara nne, oili inazidi mara mbili. Ndiyo maana vali nyingi zina kompensata, kifaa kidogo ambacho kazi yake ni kuishika tofauti hiyo isibadilike, mzigo uwe mzito au mwepesi.

Na zile zinazotakiwa kusimama mahali pamoja hasa, kama mashine ya kubana matofali, zina sensa kwenye silinda, lile bomba lenye pistoni inayosukumwa na oili. Sensa inaiambia kontrola, ile kompyuta ndogo inayoipa vali umeme, silinda ilipo, kontrola inalinganisha na ulipoagiza, inasahihisha, inalinganisha tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kabla hujashika kitu

Shusha baketi hadi ardhini. Zima injini, kisha fungua swichi bila kuwasha na usogeze wenzo pande zote mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Mashine ikiwa na akyumuleta, ile chupa ya gesi ya naitrojeni, presha hubaki hata injini ikiwa imezimwa tangu jana. Kama hujui namna ya kuitoa, usilegeze nati hata moja. Mwite anayejua.

Usitafute uvujaji kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi. Oili inayotoka kwenye kitundu cha mpira (hosi) wenye presha hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana dogo kama la mwiba, halina hata damu ya maana, na ndani kidole kinaharibika. Likimpata mtu, hospitali ni saa ileile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha iliyoingia mwilini. Asisubiri maumivu. Maumivu yakifika, mara nyingi muda umekwisha kupita.

"Haisongi kabisa"

Swali la kwanza: ni kila kitu, au ni mkono mmoja tu?

Kama ni kila kitu, achana na vali. Haiwezekani vali zote zife usiku mmoja. Tazama wenzo wa usalama ulio kando ya kiti. Nimeendesha pikipiki hadi Marereni kwa ajili ya wenzo huo kusahauliwa umefungwa, na si mara moja. Kisha fyuzi, kisha kiwango cha oili kwenye tangi, kisha presha ya kuongoza kwa geji. Presha ya kuongoza ikiwa chini, chanzo cha kawaida ni filta yake ndogo iliyoziba. Wengi hawajui hata kama ipo, kwa hiyo haijabadilishwa tangu mashine ishuke melini.

Kama ni mkono mmoja, fuata njia hii, na usiruke hatua:

1. Chomoa plagi ya koili uitazame kwenye mwanga. Unatafuta rangi ya kijani, maji, pini iliyorudi nyuma, waya ulioozea ndani ya ganda lake. Kwetu hapa hii ndiyo sababu ya kwanza, na inayoifuata iko mbali nayo.

2. Plagi ikiwa nje, pima koili kwa mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Koili nyingi za volti 24 husoma kati ya omu 20 na 25 hivi, za volti 12 huwa omu 4 hadi 6, lakini msema kweli ni kibandiko chake na koili mwenzake wa upande wa pili. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua ndani.

3. Pima mkondo. Unganisha mita kati ya waya mmoja na koili, kwenye tundu la ampea 10, na mtu asogeze wenzo taratibu. Kwa mashine nyingi za volti 24 utaona unaanzia miliampea 200 au 300 na kupanda hadi 600 au 800. Usihangaike kupima volti, kwa sababu kontrola hutuma umeme kwa vipande vipande vya haraka na mita ya kawaida itakupa namba ya wastani isiyokwambia lolote.

4. Mkondo upo na mkono hausongi? Tafuta kijipini kilicho mwisho wa solenoidi, mara nyingi chini ya kofia ya mpira. Watu wote wakae mbali, mashine iwe inanguruma polepole, kisha ukisukume kidogo kwa bisibisi. Mkono ukisonga, spuli na pampu ni nzima, rudi kwenye umeme. Usiposonga, tatizo ni la oili au la chuma kilichonasa.

Onyo kuhusu taa ya kupimia, ile ya balbu na msumari ambayo kila fundi wa magari anayo mfukoni: usiiguse kwenye nyaya za kontrola. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko baadhi ya nyaya hizo zinavyostahimili, na kontrola huungua bila kutoa hata moshi. Halafu kuna mchomeleaji. Anakuja kuchomelea meno ya baketi, athi yake, ule waya wa kurudishia umeme, anaibana huku nyuma kwenye chasisi, umeme unakatiza mashine nzima kutafuta njia. Betri itolewe waya, plagi za kontrola zichomolewe, na athi ibanwe karibu kabisa na panapochomelewa. Kontrola ngapi zimekufa hivyo halafu opereta akalaumiwa!

"Inapanda lakini haishuki" (au kinyume chake)

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mashine yenyewe inakupa cha kulinganisha. Koili mbili, plagi mbili, upande mmoja mzima.

Badilisha plagi: ya kupandishia iende kwenye koili ya kushushia, na ya kushushia iende kwenye ya kupandishia. Mwambie opereta waziwazi kwamba sasa wenzo umegeuka, akivuta huku mkono utakwenda kule. Tuseme ilikuwa haishuki. Asogeze wenzo wa kupandisha. Mkono ukishuka, koili na spuli ya kushushia hazina kosa; waya wa kushushia ndio mbovu, au wenzo, au kontrola. Ukikataa kushuka, kosa liko kwenye koili au spuli yenyewe. Dakika tano, bila kufungua tone la oili. Kisha rudisha plagi kama zilivyokuwa, tafadhali. Niliwahi kuitwa na mtu ambaye fundi wake alifanya jaribio hili vizuri sana, akapata jibu, akarekebisha waya, akaenda zake na plagi zimebaki zimegeuzwa. Opereta wa zamu ya usiku nusura abomoe kibanda.

Koili ikiwa ndiyo mbovu, mara nyingi hutoka bila kuifungua vali: nati moja ya mbele, inateleza kwenye bomba lake. Oili haitoki. Usilipige nyundo bomba hilo wala usilibane kwa plaisi. Limechongwa kwa chuma chembamba na likibonyea kidogo tu spuli haitembei tena.

"Inachelewa kuitika, halafu inaruka"

Opereta anasukuma wenzo, hakuna kitu, anasukuma zaidi, hakuna, mara mkono unaruka kama mbuzi aliyechokozwa. Kazi ya kusawazisha kingo za bwawa la chumvi haifanyiki hivyo.

Angalia kwanza wenzo wenyewe. Ukiwa unachezacheza katikati kabla ya kushika, kosa liko mkononi mwako. Baada ya hapo, sababu kubwa kupita zote ni oili.

Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Jicho zuri linaona chembe ya mikromita 40. Nafasi iliyopo kati ya spuli na nyumba yake ni mikromita chache, kwa kawaida chini ya kumi. Kwa hiyo oili unayoiinua kwenye chupa na kusema "si safi hii, Mashallah" inaweza kuwa imejaa changarawe kwa macho ya vali. Watengenezaji wengi wa vali za uwiano hutaka usafi wa 18/16/13 kwa kipimo cha ISO 4406. Hiyo 13 ya mwisho maana yake ni kwamba kila mililita moja ya oili isizidi chembe 80 za mikromita 14 kwenda juu. Oili mpya ya pipa, jinsi inavyokuja, mara nyingi haifiki usafi huo. Ipitishe kwenye filta ya mikromita 10 au chini yake wakati unaijaza, usimimine kwa jerikeni iliyokatwa mdomo huku upepo wa kusi unaleta mchanga wa mto Sabaki.

Na pipa lenyewe unaliweka wapi? Likisimama wima nje, mvua ya masika inatuama juu ya kifuniko. Mchana pipa linapata moto, hewa ya ndani inatoka. Usiku linapoa, linavuta ndani, na linachovuta ni yale maji. Lilaze ubavu, vifuniko viwili viwe kwa usawa kushoto na kulia, ili oili ivifunike kwa ndani. Oili ya tangi ikishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Ukitaka uhakika kwa maji machache, pasha bati lipate moto sana, dondosha tone moja, simama mbali: likichachatika, ni maji.

Uchafu mwembamba hunasa zaidi spuli inapokaa mahali pamoja kwa muda mrefu ikiwa na presha. Joto nalo huipika oili ikaacha utando wa rangi ya kahawia kwenye chuma, kama sufuria ya mafuta ya kukaangia mahamri yasiyobadilishwa. Dalili yake: jaribio la kwanza la asubuhi linakataa, la tatu linakubali, na baada ya chai ya saa nne linakataa tena.

Sababu ya pili ni hewa. Kama vali iliguswa karibuni, huenda kuna hewa kwenye bomba la solenoidi. Vali nyingi zina skrubu ndogo ya kuitoa. Ilegeze kidogo, injini iwe polepole, ngoja povu liishe na oili itoke safi, kaza.

Ya tatu huja baada ya kubadilisha kontrola. Spuli nzima haikai kimya. Kontrola huitetemesha kidogo mno muda wote ili isigande kwa msuguano. Ukigusa solenoidi kwa ncha ya bisibisi na kuweka sikio kwenye mpini, utasikia mvumo kama wa nyuki mzingani. Kontrola mpya ikiwa haijawekewa mtetemo wa vali hiyo, au mkondo wa kuanzia umewekwa chini mno, utapata kuchelewa na kuruka. Kurekebisha hayo kunataka kompyuta na namba za mtengenezaji. Usibahatishe.

Spuli iliyochubuka ni ya mwisho, na haichongwi. Kitambaa cha msasa kwenye spuli ni kuitupa.

"Asubuhi simba, mchana paka"

Hapa oili na umeme hushirikiana kukudanganya.

Upande wa oili: ikipata moto huwa nyepesi, na kila mwanya uliochakaa kwenye pampu, silinda na vali unavujisha zaidi kwa ndani. Gusa kwanza rejeta ya oili. Mara kumi nimekuta mapezi yake yameganda chumvi na vumbi, hewa haipiti, feni inazunguka bure. Kuisafisha kwa maji baridi ya presha ndogo ni kazi ya nusu saa. Oili ikivuka nyuzi 80, simamisha kazi, hata tajiri akikuangalia vibaya. Ikiwa rejeta ni safi na oili ni ya unene unaotakiwa, na bado mashine inachoka, hapo pampu ipimwe na mwenye vifaa.

Upande wa umeme ni mjanja zaidi. Waya wa shaba ukipata moto, ukinzani wake hupanda. Koili ya omu 20 kwenye nyuzi 20 hufika omu 26 hivi kwenye nyuzi 100. Sasa tuseme vali inataka ampea 1 ili ifunguke yote. Asubuhi inahitaji volti 20, mchana inahitaji 26. Injini ikichaji unapata 27 au 28, kwa hiyo ingetosha. Lakini athi yako imeoza, inakula volti 3. Asubuhi kontrola inaongeza na hakuna anayejua. Mchana imefika mwisho wake, haina cha kuongeza. Mashine inalegea, watu wanasema ni oili.

Kupima: weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye athi ya kontrola, mashine ikiwa kazini. Ukiona zaidi ya nusu volti, fuata athi hiyo mpaka kwenye chasisi, ifungue, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, funga, paka grisi.

"Ikiwa tupu inakimbia, ikibeba inatambaa"

Kompensata imenasa, au kile kitundu chembamba kinachoipelekea pampu habari za mzigo kimeziba. Angalia oili na filta kwanza. Zaidi ya hapo ni kazi ya geji mbili na mtu anayezisoma. Nakuomba usiguse skrubu za presha. Kila mashine niliyoipokea ikiwa "imekazwa kidogo ipate nguvu" ilikuja na mpira uliopasuka au silinda iliyopinda.

"Haitulii mahali pake"

Hii ni ya mashine zenye sensa ya mahali. Silinda inafika, inapita, inarudi, inapita tena. Wengi hukimbilia kwenye namba za kontrola. Anza na vitu vinavyoshikika: pini za silinda zilizolegea, bolti ya sensa, sumaku yake inayocheza. Sensa ikitikisika, kontrola inaambiwa uongo na inausahihisha uongo huo kwa bidii.

Halafu hewa kwenye oili. Oili yenye mapovu hubonyea, silinda inakuwa kama imekaa juu ya godoro. Tazama povu kwenye tangi na utafute mpira wa kuvutia oili ulioregea kamba yake.

Halafu waya wa sensa. Ukipita pamoja na waya wa altaneta, unaokota kelele. Utenge, na ile nyavu yake ya kukinga iunganishwe kwenye athi upande mmoja tu, usiiunganishe pande zote mbili.

Namba za kontrola ndizo za mwisho, na azibadilishe mwenye ujuzi baada ya kuandika za zamani kwenye karatasi.

"Inashuka yenyewe"

Spuli zote huvujisha kidogo. Hazikuumbwa kushikilia mzigo. Anayeshikilia ni vali nyingine, ya kuzuia, iliyo kwenye silinda au karibu nayo. Kwa hiyo bumu ikishuka polepole, mshukiwa wa kwanza ni sili za silinda, ile mipira inayozuia oili kupenya, wa pili ni uchafu kwenye vali hiyo ya kuzuia, na vali yetu ya umeme inakuja nyuma yao. Usifungue vali ya kuzuia mzigo ukiwa juu. Kreni ya boti inayoshuka yenyewe isinyanyue chochote hadi ipimwe, na hakuna mtu kupita chini yake.

"Inakwenda bila kuguswa"

Bonyeza kitufe cha dharura. Usijaribu tena "tuone kama itarudia."

Plagi ya wenzo au ya sensa iliyoingia maji ya chumvi ndiyo ya kawaida. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mara nyingi sensa za wenzo hulishwa volti 5 tu, kwa hiyo unyevu mdogo katikati ya pini mbili unatosha kuiambia kontrola kwamba mtu anasukuma. Ndiyo sababu nawasihi wanaoosha mashine jioni wasielekeze bomba la presha kwenye plagi. Chumvi iondolewe kwa maji baridi yanayotiririka, plagi zikauke, zipakwe grisi ya umeme.

Ya pili ni waya wa sensa ya silinda uliokatika. Kontrola inasoma sifuri, inadhani silinda haijafika, inasukuma kwa nguvu zote hadi mwisho. Mfumo wa miliampea 4 hadi 20 ulibuniwa kwa sababu hii: chini ya 4 kontrola inajua waya umekatika. Ukibadilisha sensa, usiweke ya volti 0 hadi 10 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani.

Ya tatu ni spuli iliyonasa ikiwa wazi. Utaitambua kwa sababu ukichomoa plagi ya koili bado mashine inakwenda. Hapo injini izimwe, na vali ifunguliwe kwenye meza safi na mtu aliyewahi kuifungua. Ikiwa ni servo-vali, za ukoo wa zile ambazo Mmarekani William Moog alianza kuziuza mwaka 1951 kwa ajili ya ndege na makombora, usiifungue kabisa. Mwanya wake ni mwembamba hata kuliko wa vali ya uwiano, na haitengenezeki chini ya mwembe. Inatumwa kwa wenye mashine ya kuipimia.

Unapompigia fundi, uwe na haya: koili inasoma omu ngapi, mkondo ni miliampea ngapi wenzo ukiwa mwisho, kijipini ukikisukuma mkono unasonga au hausongi, oili ni ya rangi gani na ilibadilishwa lini. Piga pia picha ya kibandiko cha vali, leo, kabla chumvi haijakila.